EKARI NGAPI ZATOSHA KULISHA NYUMBA MOJA?

Ukiwauliza wazee wa hapa Chato ni shamba la ukubwa gani litoshalo kulisha nyumba moja, wengi watakujibu kwamba mambo hayo hutegemea ardhi, mvua na mkono wa mlimaji. Jibu hilo ni la kweli. Lakini halimsaidii mtu anayetaka kuwagawia wanawe urithi, wala halimsaidii mama anayetazama ghala lake mwezi wa Desemba na kujiuliza kama chakula kitamfikisha mavuno mengine. Basi katika makala haya tutajaribu kulijibu swali hilo kwa tarakimu. Sisi wanafunzi tumefundishwa hesabu, na wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Swali lenyewe si la mchezo. Mkoa wetu wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha wilaya zilizotoka Mwanza, Shinyanga na Kagera, na Chato ilitoka Kagera. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 1,739,530 katika mkoa mzima. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,977,608. Maana yake ni kwamba pale walipokuwapo watu 10, baada ya miaka 10 walikuwapo 17. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Mzee mwenye ekari 12 na wana wanne atampa kila mmoja ekari 3. Kila mwana naye akipata watoto wanne, kila mjukuu atapata robo tatu ya ekari. Je, ataishi? Hilo ndilo tunalotaka kulijua.

Wako wasemao kwamba hapana haja ya kuhesabu ekari, kwa sababu nchi yetu ina dhahabu, na mwenye dhahabu hununua unga. Sisi hatuidharau dhahabu. Lakini tukumbuke kwamba mgodi mkubwa wa Geita ulifanya kazi toka miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966, na uchimbaji mkubwa haukuanza tena mpaka mwaka 2000. Miaka 34 ilipita katikati, na katika miaka yote hiyo watu walikula kila siku. Duara la mchimbaji laweza kukauka leo. Tumbo halina likizo.

MTU MMOJA HULA KIASI GANI?

Yatupasa kuanza na tumbo kabla ya shamba. Nguvu anayoipata mtu katika chakula hupimwa kwa kilokalori. Wapangaji wa chakula cha msaada katika Umoja wa Mataifa huhesabu wastani wa kilokalori 2,100 kwa kila mtu kwa siku, wakichanganya wakubwa na wadogo. Mwanamume alimaye kutwa huhitaji zaidi ya hapo, na mtoto mdogo huhitaji chini yake. Tuchukue nyumba ya watu sita: baba, mama, bibi na watoto watatu. Kwa siku wahitaji kilokalori 12,600. Kwa mwaka mzima ni 4,599,000, tuseme milioni 4 na laki 6.

Kilo moja ya mahindi makavu ina kadiri ya kilokalori 3,500. Kama nyumba hii ingekula mahindi matupu, ingehitaji kilo 3 na gramu 600 kwa siku, yaani kilo 1,314 kwa mwaka. Hayo ni magunia 13 ya kilo 100. Lakini hapana mtu aishiye kwa ugali mkavu akawa na afya. Mwili wahitaji maharage, karanga, dagaa au maziwa ili ujengeke, tena wahitaji mboga na matunda ili ujikinge na maradhi. Kwa hiyo shamba la nyumba moja lazima liwe na mazao ya namna nyingi.

EKARI MOJA YATOA NINI?

Kwanza tujue ekari ni nini. Ekari ni mita za mraba 4,047. Mkulima huipima kwa miguu: hatua 70 upande huu na hatua 70 upande ule, hatua ndefu za mtu mzima, kila moja ikipungua kidogo mita moja. Hekta ni kubwa zaidi, ni karibu ekari mbili na nusu.

Sasa tutazame mavuno ya kawaida, si ya yule bingwa anayepewa zawadi Nane Nane, wala si ya mvivu. Mkulima wa kawaida wa Tanzania hupata kadiri ya magunia 6 ya mahindi kwa ekari. Maharage twaweza kuyahesabu kilo 300 kwa ekari, na karanga zilizobanguliwa kilo 200. Viazi vitamu tuviweke tani 2, na mihogo mibichi tani 2 na nusu.

Hapo mtu ataruka na kusema, "Basi tupande mihogo peke yake!" Lakini ngoja kwanza. Kilo ya mihogo mibichi ina kilokalori 1,600 tu, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji. Maganda huondoa kadiri ya sehemu moja katika tano. Tena muhogo hukaa ardhini mwaka mmoja, au mwaka na nusu, ambapo mahindi hukaa miezi mitatu hadi minne na nusu. Mwenye kulinganisha mazao hana budi kuhesabu muda pamoja na eneo.

Hata hivyo muhogo una sifa moja kubwa: hauhitaji ghala. Hukaa ardhini ukimngoja mwenyewe, na ukame hauuui upesi. Ndiyo maana toka zamani serikali za nchi hii, ya wakoloni na ya uhuru, zimewahimiza watu wawe na shamba la muhogo kwa ajili ya njaa.

SHAMBA LA WATU SITA

Tukiisha kuyajua hayo, twaweza kupanga shamba la nyumba yetu ya watu sita.

Mahindi, ekari 1. Magunia 6 ni kilo 600. Toa kilo 10 za mbegu, na kilo 60 zitakazoliwa na wadudu na panya. Zabaki kilo 530, ambazo ni kilokalori 1,855,000, ikiwa watu watakula dona. Wakikoboa wale sembe, pumba zitakwenda na sehemu ya chakula chao.

Mihogo, nusu ekari. Ikivunwa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja na nusu, baada ya kuondoa maganda itatoa kilo 1,000, na kwa kila mwaka yapata kilokalori 1,066,000.

Viazi vitamu, nusu ekari. Tani 1, toa maganda na vilivyobunguliwa, zabaki kilo 800, yaani kilokalori 720,000. Visivyoliwa vibichi hukatwa na kuanikwa kuwa michembe, au huchemshwa kwanza na kuanikwa kuwa matobolwa, kama wafanyavyo Wasukuma.

Maharage, nusu ekari. Toa mbegu na hasara, zabaki kilo 130, ambazo ni kilokalori 442,000. Kila mtu atapata kadiri ya gramu 60 kwa siku.

Karanga, robo ekari. Toa mbegu, zabaki kilo 40, yaani kilokalori 224,000.

Jumla yake ni kilokalori 4,307,000. Zimepungua 292,000 tu, nazo zitatoka katika ndizi, mapapai, maziwa, dagaa na sato wa ziwa letu. Eneo lililolimwa ni ekari 2 na robo tatu. Ongeza robo ya ekari kwa nyumba, bustani ya mboga na miti ya matunda, nalo jibu letu la kwanza ni ekari 3. Kwa maneno mengine, kila mtu ahitaji nusu ekari.

Twaweza kupunguza kidogo. Hapa kwetu mvua hunyesha toka kadiri ya Oktoba mpaka Mei, zikipungua katikati. Mkulima mwepesi huvuna mahindi ya mvua za kwanza, kisha hupanda maharage mahali pale pale kwa mvua za pili. Akifanya hivyo ataokoa nusu ekari, na nyumba yake itaishi katika ekari 2 na nusu.

HESABU ISIYOSEMA YOTE

Msomaji asifunge daftari bado. Hesabu hii ni ya mwaka mwema. Mvua zikikatika na mavuno yakapungua kwa theluthi moja, nyumba ile ile itahitaji kulima mara moja na nusu ya eneo ili ipate chakula kile kile. Ekari 2 na robo tatu huwa ekari 4 na zaidi. Kwa kuwa hapana ajuaye mwezi wa Septemba kama mwaka utakuwa mwema, mwenye busara hulima kama atarajiaye mwaka mbaya. Ukiwa mwema, ziada huuzwa, ikanunua chumvi, sabuni, daftari na sare za shule.

Hesabu pia haioni sumu. Muhogo mchungu una sumu ambayo huondolewa kwa kuloweka, kuvundika na kuanika vizuri, kama tunavyotengeneza udaga. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Tarime walipatwa na ugonjwa wa konzo, ambao hupooza miguu na hauponi. Njaa iliwaharakisha watu, wakala muhogo mchungu usiotengenezwa ipasavyo, na vitoweo vya kuusaidia mwili vilikuwa haba. Hapo twaona kwamba shamba dogo mno hudhuru kwa njia mbili: hupunguza chakula, tena humkosesha mtu subira ya kukitengeneza.

Kadhalika mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu yenye sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Iko njia rahisi ya kupima ukavu ambayo kila mwanafunzi aweza kuifanya. Chukua chupa kavu, tia mahindi kiasi cha theluthi, tia na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, utikise kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, mahindi hayajakauka, yarudishwe juani. Chumvi isipogandamana, yaweza kuingizwa ghalani.

Na ghala lenyewe lina adui. Dumuzi, ambaye wengine humwita skania, alitoka Amerika, akaonekana katika mkoa wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na toka hapo akaenea. Aweza kuyageuza mahindi kuwa vumbi katika miezi michache. Mtu apotezaye magunia 2 kati ya 6 ghalani amepoteza theluthi ya ekari yake, ijapokuwa mpaka wa shamba haukusogea. Mahindi yaliyokaushwa na kufungwa katika mifuko isiyopitisha hewa humnyima mdudu pumzi, akafa bila dawa.

SHAMBA DOGO LAWEZA KUKUZWA

Sasa tumrudie yule mjukuu mwenye robo tatu ya ekari. Kwa mavuno ya kawaida, shamba lake litalisha mtu mmoja na nusu tu. Je, hana la kufanya?

Tutazame ekari ya mahindi. Yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashina, ekari huingia mashina karibu 18,000. Kila shina likitoa hindi moja lenye punje za gramu 100 tu, hayo ni magunia 18. Mkulima wa kawaida apata 6. Yale 12 yamekwenda wapi? Mengine yalipotea kwa kupanda ovyo bila kamba. Mengine yaliliwa na magugu, kwa kuwa palizi lilichelewa, au yalinyonywa na kiduha. Mengine yalitafunwa na viwavijeshi vamizi, walioingia Afrika mwaka 2016. Na mengi hayakuzaliwa kabisa, kwa kuwa udongo umechoka na haukupewa samadi.

Hatusemi kwamba kila mtu atapata magunia 18. Lakini akitoka 6 akafika 12, nusu ekari itamfanyia kazi ya ekari nzima. Huo ni urithi ambao baba hakumwachia.

Mfano wa jambo hili hauko mbali, uko ndani ya Ziwa Victoria hili hili. Kaskazini ya Ukerewe kiko kisiwa kidogo cha Ukara. Wakara walikuwa wengi kuliko ardhi yao, wala hawakuwa na pori la kuhamia shamba likichoka. Basi walifanya nini? Ng'ombe wao waliwafunga ndani, wakawaletea majani, na samadi yote wakaikusanya na kuipeleka shambani. Katika uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, wakaufukia ardhini uwe mbolea. Mashamba yalilimwa kila mwaka bila kupumzishwa. Mabwana shamba waliofika huko miaka ya 1930 walistaajabu, wakaandika habari zao, na wataalamu wengine walikwenda kujifunza huko baadaye.

Lakini habari ya Wakara ina upande wa pili. Wengi wao walihamia bara, na walipokuta ardhi tele waliacha samadi na marejea, wakalima kama wenyeji wao. Si kwamba walisahau. Kazi ya Ukara ni nzito mno, na mtu haifanyi mpaka ardhi imlazimishe. Sasa huku bara nako ardhi imeanza kutulazimisha. Heri tujifunze hali bado tuna nafasi ya kujaribu, kuliko kungoja mpaka tumebaki na robo ya ekari na njaa mlangoni.

Wachaga wa Kilimanjaro nao wana kihamba, ambamo migomba, kahawa, mboga na miti huishi pamoja, na ng'ombe yuko zizini akitoa mbolea. Vihamba vilivyopimwa na wataalamu miaka ya 1980 vilikuwa na wastani wa hekta 0.68 tu, yaani ekari 1 na karibu robo tatu.

BUSTANI YA HATUA KUMI

La mwisho ni mboga, nazo hazihitaji shamba kubwa. Wataalamu wa afya hushauri kila mtu ale gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Watu sita wahitaji kilo 876 kwa mwaka. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, kisha tuta hupandwa tena. Ikiwa kila mita ya mraba, kwa samadi na maji, itatoa kilo 9 kwa mwaka, basi mita 100 zitatoa kilo 900. Hiyo ni bustani ya mita 10 kwa 10, sehemu moja tu katika 40 za ekari! Matuta kumi, kila moja la mita 1 kwa 10, na njia zake pembeni, yakipandwa kwa zamu, yatatoa mboga kila wiki. Wakati wa kiangazi maji yaliyosuuza vyombo yanatosha kumwagilia tuta moja au mawili.

Waingereza walipozingirwa na vita mwaka 1939 hadi 1945, serikali yao iliwahimiza walime kila kiwanja, na bustani ya mfano ilikuwa kadiri ya mita za mraba 250. Ilitosha kuipatia nyumba moja mboga kwa sehemu kubwa ya mwaka. Lakini ngano ya mkate wao bado ililetwa kwa meli. Basi tusichanganye mambo mawili: bustani hukupa mboga, shamba hukupa ugali. Mwenye kiwanja tu pale Chato mjini au Buseresere asitegemee kujilisha ugali kwa kiwanja hicho, lakini mboga za kununua aweza kuziaga.

KAZI YA LIKIZO

Serikali ilipotangaza Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi mwaka 1967, shule ziliambiwa ziwe na mashamba ili mwanafunzi asijione kuwa mgeni katika maisha ya wazazi wake. Kulima tu hakutoshi. Mwanafunzi apaswa kulima kwa hesabu.

Kwa hiyo twawaomba wenzetu wafanye kazi moja likizoni. Pima shamba la nyumbani kwa hatua, upande kwa upande, uzidishe, ugawanye kwa 4,900, upate ekari. Hesabu watu walao katika chungu kimoja. Waulize wazazi, kwa adabu, walivuna magunia mangapi mwaka jana, na mangapi yaliharibika. Ukigundua kwamba kila mtu ana nusu ekari au zaidi, mshukuruni Mungu na mtunze udongo. Ukigundua kwamba ni chini ya hapo, msilaumiane. Anzeni na kamba ya kupandia, samadi ya zizini na chupa ya chumvi, maana hivyo vitatu havihitaji ekari ya ziada.